Futur antérieur inanichanganya: kwa nini "dès que tu seras arrivé" lakini "si tu arrives"?

Mnyambuaji_Mpya

Wakuu habari zenu. Najifunza Kifaransa mwenyewe tu, kitabu na video za mtandaoni, passé composé ("nimekula") nimeipita, imparfait ("nilikuwa nakula") nikaielewa, futur simple ("nitakula") nayo ikaenda, sasa nimefika kwenye hii futur antérieur ("nitakuwa nimekula") na hapa ndo nimekwama kabisa.

Kuiunda naona sio kazi, unachukua avoir (kuwa na) au être (kuwa) unaipeleka futur simple afu unabandika participe passé (ile mangé au parti ya kitenzi), j'aurai mangé, je serai parti, basi. Shida iko kwenye kuitumia. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, kinasema ni tendo ambalo litakuwa limekamilika kabla ya tendo lingine la mbele, sawa, nimeelewa, ila nikigeuza ukurasa nakutana na hizi:

Appelle-moi dès que tu seras arrivé.
Si tu arrives avant moi, appelle-moi.

Mimi kwenye kichwa changu kote ni "ukifika nipigie", hiyo "kabla yangu" ni nyongeza tu. Sasa kwa nini huku ni seras arrivé na huku ni arrives? Nani anaamua?

Pili kuna hii: Il n'est pas là, il aura raté son train. Hapo sioni tendo la mbele hata moja, jamaa treni imeshamwacha na imeshaondoka, sasa hiyo aura inatafuta nini?

Tatu, elle se sera lavée, halafu mstari unaofuata elle se sera lavé les mains. Ile e imeenda wapi? Ni uchapaji au kuna sababu?

Na kama kuna njia ya kujua haraka lini être lini avoir naomba mniambie maana orodha ya kitabu ni ndefu na mimi kukariri ni mvivu.

Kasuku_Mweupe

Mkuu mbona hiyo rahisi. Être ni vitenzi vya mwendo, kwenda kuja kupanda kushuka, vingine vyote vilivyobaki avoir. Na kiukweli usijichoshe, hiyo tensi watu hawaitumii wakiongea, ni ya vitabuni tu, soma upite uende subjonctif (hali ya matakwa na shaka) ndo kuna kazi.

Bi_Sarufi

Mnyambuaji, kwanza hiyo ya "vitenzi vya mwendo" iweke pembeni, imewaponza wengi. Courir ni mwendo, marcher ni mwendo, nager, sauter, voyager, mwendo mtupu huo na vyote vinachukua avoir: j'aurai couru, nous aurons voyagé. Halafu rester ni kubaki hapo hapo ulipo, hakuna hatua hata moja, na inachukua être: je serai resté. Naamini kuna mwingine atakuja kukueleza vizuri habari ya être, mimi niende kwenye swali lako la kwanza maana ndo lenye nyama.

Tatizo sio wewe na wala sio Kifaransa, tatizo ni -ki-. Kwa Kiswahili -ki- inabeba mambo mawili kwa mpigo. "Ukifika nipigie" inaweza kuwa kufika utafika tu, halina mjadala, nasubiri simu. Au inaweza kuwa endapo utafika. Sisi hatuhangaiki kwa sababu anayesikiliza anajua tunaongelea nini. Mfaransa yeye anataka uchague mapema, kwenye neno linaloanzisha hicho kipande cha sentensi. Kama tendo lina uhakika anatumia quand, lorsque (wakati), dès que, aussitôt que (mara tu), une fois que, après que (baada ya), na hizo zote zikiongelea mambo ya mbele zinafuatwa na wakati ujao, ama futur simple ama futur antérieur. Kama ni sharti anatumia si (kama, iwapo), na si ya sharti haipatani na wakati ujao hata kidogo, inataka présent, yaani wakati uliopo (si tu arrives) au passé composé (si tu as fini à midi, on mangera ensemble).

Kwa hiyo ukitaka kuandika "ukifika", jiulize kwanza: hapa naweza kusema "iwapo"? Kama ndio, si pamoja na présent, umemaliza. Kama hapana, wewe ni mtu wa quand au dès que, na hapo sasa ndo unachagua kati ya futur simple na futur antérieur, na kipimo cha kuchagua unacho mdomoni tangu utotoni. Jaribu kuingiza -sha-.

"Ukishafika nipigie." "Nikishamaliza kazi ntakuja." "Wakishalala tutaongea."

Ukiona sentensi inaipokea -kisha- bila kulalamika, na jambo ni la mbele, na lina uhakika, hiyo ni futur antérieur:

Quand j'aurai fini le travail, je viendrai.
Dès qu'ils se seront endormis, nous parlerons.

Ukiona -kisha- inakataa, na kinachokuja chenyewe ni -takapo- kwa sababu mambo mawili yanakwenda sambamba, hiyo ni futur simple: Quand je serai vieux, j'habiterai près de la mer. Na usidanganyike na serai hapo, hiyo ni être yenyewe, "nitakapokuwa mzee", vieux ni kivumishi sio participe.

Sasa tazama hizi tatu, vitenzi ni viwili tu, kufika na kula:

Quand tu arriveras, nous mangerons. (utakapofika tutakula)
Quand tu seras arrivé, nous mangerons. (ukishafika ndo tutakula, kabla ya hapo hakuna anayegusa sahani)
Quand tu arriveras, nous aurons mangé. (utakapofika tutakuwa tumeshakula)

Ya tatu maana yake njoo ukiwa umeshiba. Ona kilichotokea, futur antérieur imehama kutoka upande mmoja wa koma kwenda wa pili na mgeni kakosa chakula. Tendo linalovaa futur antérieur ndo linalotangulia kutokea, haijalishi limeandikwa mwanzo wa sentensi au mwisho.

Na kitabu chako kinakuchanganya kwa sababu hiyo hiyo ya kuandikwa kwa Kiingereza. Mwingereza kwenye sentensi ya "utakapofika" anaweka wakati uliopo, haweki ujao, kwa hiyo mwandishi anatumia kurasa na kurasa kumshawishi msomaji wake kwamba Mfaransa hapo anaweka ujao. Wewe huhitaji kushawishiwa, "utakapofika" ina -ta- ndani yake tayari. Ukipita kwenye Kiingereza kuelekea Kifaransa unazunguka mbali bure.

Swali la pili ni fupi. Il aura raté son train, soma hivi: atakuwa ameachwa na treni. Basi. Unampigia mtu hapokei unasema atakuwa amelala, atakuwa amesahau simu, wewe hapo huongelei kesho, unakisia jambo ambalo limeshatokea. Kifaransa ni hivo hivo: Elle ne répond pas, elle se sera endormie. Il aura oublié. On m'aura mal renseigné, yaani watakuwa wamenielekeza vibaya. Na ukikisia hali ya sasaivi badala ya tendo lililopita unashuka kwenye futur simple: Il sera encore au lit, atakuwa bado kitandani, hii hutokea zaidi na être na avoir zenyewe.

Nukta_Mkato

Mimi ndo huyo mwingine aliyesubiriwa kwenye être, haya.

Futur antérieur haina sheria yake binafsi ya être na avoir, imerithi ile ile ya passé composé. Unajua je suis parti? Basi je serai parti. Unajua j'ai mangé? J'aurai mangé. Unachofanya ni kumsogeza msaidizi (avoir au être) mbele tu, participe haiguswi. Kwa hiyo kama passé composé umeipita kweli, orodha unayo. Wa être ni aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, naître, mourir, rester, tomber, retourner, rentrer, passer, pamoja na ukoo wa venir kama revenir, devenir, parvenir, intervenir, na kila kitenzi chenye se. Ila kwenye ukoo huo prévenir kajitoa, anaenda na avoir, ndo maana mtu akikuonya hausikii anamalizia na je t'aurai prévenu, "nitakuwa nimekuonya", hiyo utaisikia sana.

Raha ya hii tensi ambayo hakuna aliyeitaja: huhitaji kujua futur simple ya kitenzi chochote zaidi ya viwili. Zile za kutisha za pouvoir, voir, envoyer, falloir, ziache zilale. Ni aur- na ser- tu:

j'aurai, tu auras, il aura, nous aurons, vous aurez, ils auront
je serai, tu seras, il sera, nous serons, vous serez, ils seront

Kazi yote inahamia kwenye participe, na hapo hakuna njia ya mkato, pu, su, bu, lu, vu, dû, cru, eu, été, pris, mis, fait, dit, écrit, ouvert, né, mort, vécu, lazima zikae kichwani.

Sasa ndani ya ile orodha ya être kuna sita wakorofi: monter, descendre, sortir, rentrer, passer, retourner. Wakipata yambwa, yaani kitu wanachokitenda, wanahamia avoir. Je serai sorti, nitakuwa nimetoka. J'aurai sorti la valise, nitakuwa nimetoa begi. Umeona Kiswahili nacho kimehama, kutoka imekuwa kutoa, kushuka inakuwa kushusha, kupanda inakuwa kupandisha, kuingia inakuwa kuingiza (j'aurai rentré les chaises). Ukijiona umehamia kitenzi cha kutendesha jua na msaidizi kahama. Kipimo hiki kina tobo moja kwenye ngazi, j'aurai descendu l'escalier, sisi hatushushi ngazi, tunashuka ngazi, ila kwa Mfaransa ngazi ni yambwa kamili kwa hiyo ni avoir. Na passer pia haifuati, j'aurai passé l'examen ni nitakuwa nimefanya mtihani, na angalia hapo ni kufanya tu, kufaulu ni réussir.

Sasa ile e iliyopotea. Sio uchapaji. Elle se sera lavée, anayeoshwa ni nani? Yeye mwenyewe mzima, ile se ndo yambwa na imetangulia kitenzi, kwa hiyo participe inamfuata, mwanamke mmoja, inapata e. Elle se sera lavé les mains, kinachooshwa ni mikono, na mikono imeandikwa nyuma, se hapo inaonyesha tu mikono ni ya nani. Participe ikifika pale inakuwa haijaona yambwa bado, inakaa ilivyo. Ukiileta mikono mbele mambo yanarudi: Ses mains, elle se les sera lavées, sasa na s juu kwa sababu mains ni ya kike na ni wingi. Ndo hivo hivo kwa elle se sera cassé la jambe, mguu uko nyuma, hakuna e. Na ils se seront parlé haibadiliki milele kwa sababu ni parler à quelqu'un, se hapo haiwezi kuwa yambwa ya moja kwa moja.

Kwa wale wanaoogopa, lavé, lavée, lavés, lavées zote nne mdomoni ni sauti moja. Haya ni mateso ya kalamu tu. Ila ukifika kwa participe zinazoishia na konsonanti ndo inasikika: le mot que j'aurai écrit, la lettre que j'aurai écrite, hiyo t ya mwisho ya pili inagongwa kabisa, ouvert na ouverte vilevile, mis na mise.

Mnyambuaji_Mpya

Daah, -kisha- imenifungua macho. Asanteni sana Bi Sarufi na Nukta. Nina mengine mawili kabla hamjaondoka. Kukanusha nafanyaje, na hasa hii tant que, kila nikiiona iko na ne pas. Afu j'aurai na j'aurais, nikisikia kwenye video sitofautishi kabisa, nikiandika nabahatisha.

Kasuku_Mweupe

Haya mwendo tuachane nao. Ila kwenye kuongea nasimama pale pale. Mimi nasikiliza sana redio na mazungumzo ya Kifaransa, mtu anakwambia "j'ai fini dans cinq minutes", dakika tano za mbele na katumia passé composé kavu kavu, hakuna cha aurai. Mnamtesa kijana.

Bi_Sarufi

Kasuku, j'ai fini dans cinq minutes ipo, tena sana, nakubaliana na wewe hapo. Muda ukishatajwa waziwazi msemaji anaona inatosha. Na ile ya kukisia nayo kwenye maongezi ya kawaida mara nyingi inapokonywa nafasi na devoir (lazima), il a dû rater son train, ndo inayosikika zaidi, il aura raté son train ina harufu ya kuandika kidogo japo haikosekani mdomoni.

Lakini baada ya quand na dès que hakuna pa kukimbilia. "Quand t'auras fini tu me dis" ni sentensi ya jikoni hiyo, ya mama na mtoto, sio ya kitabu, na ona u ya tu imemezwa kabisa, t'auras, ndo maana labda hauinasi. Halafu kuna zile zilizoganda ambazo watu wanazitoa bila hata kufikiria sarufi: On aura tout vu! mtu akishangaa maajabu ya dunia. Tu l'auras voulu! ukijitakia mwenyewe. Hizo ukizipeleka wakati mwingine wowote zinapoteza ladha.

Na kuna matumizi mengine ambayo kitabu cha Mnyambuaji sidhani kama kimeyagusa, ya magazeti na watangazaji wa michezo. Mchezaji anastaafu, wanaandika Il aura marqué son époque. Hakuna mbele hapo, hakuna kukisia, mambo yamekwisha na yanajulikana. Ni kama mwandishi anajisogeza hadi mwisho wa hadithi afu anageuka kuitazama yote kwa jumla, kwamba hesabu ikifungwa hivi ndivyo itakavyosomeka. Kiswahili hapa hatuna kifaa kinacholingana, "atakuwa ameacha alama" itasomeka kama unakisia, kwa hiyo hii ya magazeti inabidi uizoee kwa kuisoma tu. Makala za kumuaga mtu aliyefariki zimejaa hiyo.

Tant que: fikiria -ja-. "Maadamu hujamaliza, hatuondoki." Tant que tu n'auras pas fini, nous ne partirons pas. Panapokaa hujamaliza, hajafika, hawajalala, na jambo ni la mbele, tant que na futur antérieur ya kukanusha inakaa. Kwenye kupanga maneno, ne inatangulia msaidizi na pas inamfuata, participe inabaki peke yake mwishoni: je n'aurai pas fini, ils ne seront pas encore partis. Ukiwa na vijineno kama le, la, les, lui, vinaingia kati ya ne na msaidizi: je ne l'aurai pas lu. Déjà nayo inapenda katikati, j'aurai déjà mangé. Kuuliza unageuza msaidizi tu, auras-tu fini, aura-t-elle compris.

Halafu nyongeza ambayo itakuokoa kwenye kuandika. Mtendaji akiwa ni yule yule pande zote mbili, achana na après que nous aurons mangé, nous sortirons, ni sahihi ila ni nzito, sema après avoir mangé, nous sortirons. Kwa wa être inakuwa après être arrivés. Wakiwa watendaji wawili tofauti ndo urudi kwa que. Na avant que (kabla) usiichanganye na hizi, yenyewe inataka subjonctif, haina habari na futur.

Sikio_la_Tatu

Niingie kwenye aurai na aurais kwa sababu ndo eneo langu.

J'aurai fini, nitakuwa nimemaliza. J'aurais fini, ningekuwa nimemaliza. Ukisoma Kiswahili chake tu unaona maana zimeachana mbali sana, lakini kwenye sikio zimebanana. Kwenye matamshi ya shule -rai inaishia na e iliyofungwa na -rais inaishia na e iliyo wazi, ila Wafaransa wengi wenyewe hawazitenganishi tena, kwa hiyo usijilaumu sikio, hakuna cha kusikia hapo. Kwenye kuandika nao wanakosea kila siku.

Dawa yake ni kubadilisha nafsi. Weka nous badala ya je. Ukijikuta unasema nous aurons fini basi andika aurai, ukijikuta unasema nous aurions fini andika aurais. Aurons na aurions hata mlevi hazichanganyi. Kwa être ni serons na serions, ile ile. Mfano, Si j'avais su, je ... parti. Weka nous: Si nous avions su, nous serions partis. Basi ni je serais parti, na s.

Mahali pengine panaponasa watu ni maneno ya kuripoti. Il dit qu'il aura fini avant midi, anasema atakuwa amemaliza. Ukisogeza kusema kukawa kwa zamani, il a dit qu'il aurait fini avant midi. Futur antérieur ikiingia ndani ya habari ya jana inageuka conditionnel passé (ile ya "ningekuwa nimemaliza"), usishangae ukikutana nayo ukadhani mwandishi kakosea herufi.

Kingine cha sikio: ils auront na ils seront. Ile s ya ils mbele ya irabu inaamka na inakuwa z, kwa hiyo ils auront inatoka kama "ilzoron", ils seront inabaki na s yake. Msemaji wa Kiswahili z na s hazimpi shida kabisa, tumia hiyo, ukisikia z ni avoir, ukisikia s ni être. Nous aurons ni "nuzoron", vous aurez "vuzore". Na au yote hiyo ni "o" tu, usisome "a-u" kama tunavyosoma sisi.

Na kwa wanaopenda mambo ya kale, hizi ai, as, a, ons, ez, ont za futur ni avoir yenyewe iliyogandia mwishoni, Kilatini cha mitaani kilikuwa kinasema cantare habeo, "nina kuimba", ikasagika hadi ikawa chanterai. Kwa hiyo kwenye j'aurai kuna avoir mbili, moja kwenye shina na nyingine mkiani. Haitakusaidia kwenye mtihani.

Mnyambuaji_Mpya

Hahaha sawa mkuu. Nimetunga zangu sita, naomba mzikague bila huruma:

1. Quand j'aurai lu ce livre, je te le donnerai.
2. Tant qu'elle ne sera pas arrivée, nous attendrons ici.
3. Si j'aurai fini avant toi, je t'attendrai.
4. Elles seront monté les valises dans la chambre.
5. Je ne sais pas si j'aurai terminé demain.
6. Les photos que tu auras pris, tu me les enverras.

Ya 5 nimeikopi mahali, nimeiweka kwa makusudi kwa sababu ina si na ina aurai na mmesema haziwezi kukaa pamoja.

Bi_Sarufi

Ya 1 na ya 2 safi, sina cha kugusa, na hiyo e ya arrivée umeikumbuka, vizuri.

Ya 3 hapana. Hiyo ni "iwapo nitamaliza kabla yako", sharti, kwa hiyo Si j'ai fini avant toi au Si je finis avant toi, je t'attendrai. Wakati ujao unabaki upande wa pili wa koma peke yake.

Ya 4, wamepandisha nini? Mabegi. Kuna yambwa, wahamishe: Elles auront monté les valises. Bila mabegi ndo ingekuwa elles seront montées, na es.

Ya 5 iko sahihi na umeuliza jambo la maana. Kuna si mbili. Ile ya sharti ndo haipatani na wakati ujao. Hii ya 5 ni ya swali lililofichwa, "sijui kama nitakuwa nimemaliza", haina sharti lolote, na yenyewe inapokea wakati wowote unaoutaka. Kuzitenganisha, angalia kinachotangulia: je ne sais pas si, je me demande si, dis-moi si, hapo mtu anauliza au hajui. Na kwa Kiswahili hii ya pili haikubali "iwapo ... basi ...", jaribu uone, "sijui iwapo nitamaliza, basi..." basi nini? Haifiki popote.

Ya 6 ona kanuni ya Nukta. Photos ni ya kike, ni wingi, na imekaa mbele ya auras: Les photos que tu auras prises. Na hii inasikika, "priz", kwa hiyo hata ukiongea watakugundua.

Kasuku_Mweupe

Na la nyongeza basi kwa faida ya wote, "je serai été" ipo? Nimeona mtu kaandika.

Nukta_Mkato

Haipo. Être yenyewe inachukua avoir, sawa na j'ai été: j'aurai été malade, tu auras été le premier. Ndo maana hata kwenye kutendwa ni la maison aura été vendue, nyumba itakuwa imeuzwa, aura ya msaidizi, été ya kutendwa, vendue inamfuata maison. Na avoir nayo inajichukua yenyewe, j'aurai eu.